Gauni la Idd lililofaulu mtihani wa rede

Tulipoanza habari hii binti yangu alikuwa na miaka tisa na kimo cha kuwapita wenzake. Nimetanguliza kimo kwa sababu ndicho kilichotuletea taabu yote. Urefu kaurithi kwao baba yake, lakini bado analala na kidole mdomoni na bado anacheza mdako barazani na watoto wa jirani. Muuzaji wa nguo hayaoni hayo. Anaona urefu, basi, anatupeleka moja kwa moja zinakotundikwa nguo za wasichana wakubwa.

Mwaka jana, kumi la mwisho la Ramadhani, tulizunguka Kariakoo tangu saa nne mpaka adhuhuri, Mtaa wa Kongo wote na vichochoro vyake. Kila kilichomwenea kilikuwa nguo ya mtu mzima iliyopunguzwa: gauni la kubana lenye mgongo wazi, blauzi inayoishia juu ya kitovu, sketi ya ngozi bandia ambayo asingeweza kuinama nayo akaokota kandambili. Fulana moja ya waridi ilikuwa na maneno ya Kiingereza kifuani. Kijana mmoja aliyekuwa akinunua pembeni yetu aliyasoma, akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hii usimchukulie mtoto." Namwombea dua mpaka leo. Muuzaji mwenyewe hakujua pameandikwa nini.

"Huyo ameshakuwa mdada," akaniambia. Nikamjibu kwamba huyo ni mtoto wa darasa la nne, nikamshika mwanangu mkono tukaondoka.

Nyumbani nako ushauri ukaanza. Wifi yangu alisema, "Wifi, unamzeesha mtoto. Mwache apendeze, kwenye besdei za wenzake wote wanavaa hivyo." Jirani yangu akaja na lake: "Mnunulie dera, limshuke mpaka chini, ushamaliza." Nilikuja kuelewa baadaye kwamba wote wawili walikuwa wanazungumzia macho ya watu. Hakuna aliyeuliza mtoto atachezaje. Na mimi sikuuliza. Nikafuata la jirani.

Lile dera nililinunua Temeke, elfu kumi na kitu. Fundi wa karibu alilipunguza chini na mikononi, lakini shingo ya dera imekatwa kwa mabega ya mtu mzima, ukiibana huku inafunguka kule. Tukaishia kuifunga kwa pini. Asubuhi ya Idd alipendeza kweli, nikapiga picha, akaenda kuomba sikukuu na wenzake. Saa kumi nikapita uwanjani. Wenzake walikuwa wanacheza rede, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa, kelele mpaka barabarani. Wangu amekaa juu ya tofali. Mkono mmoja umeshika shingo ya gauni isiteleze begani, mwingine umekusanya pindo. Goti limechubuka.

"Mama, nikikwepa mpira nalikanyaga gauni," akasema.

Hakulia. Afadhali angelia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejua kwamba nimemnyima sikukuu yake, na nikaapa mwaka unaofuata nguo yake nitaisimamia mwenyewe, bila wifi wala jirani.

Safari hii nilianza kabla ya Shaabani kuisha. Nilikwenda Karume kwa mama mmoja muuza mitumba ninayemfahamu tangu kabla soko halijaungua Januari 2022. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Akachukua gauni, akageuza lebo, akaniuliza, "Unasoma nini hapa?" Nikasema miaka kumi. Akasema miaka achana nayo, soma namba. Nguo nyingi za Ulaya huandikwa 128, 134, 140, 146, na hicho ni kimo cha mtoto kwa sentimita. Za China utaona 120, 130, 140, maana ni ile ile. Nilikuwa nimenunua mitumba miaka yote hiyo nikidhani ni namba za kiwanda! Wangu alikuwa na 142, kwa hiyo 146. Pia akanionyesha namna ya kutambua gauni la mwanamke mdogo lililochanganywa na za watoto: pitisha kidole kifuani kwa ndani. Ukikuta vikunjo vilivyoshonwa kuacha nafasi ya matiti, hiyo si nguo ya mtoto, hata iwe na picha ya paka. Siku hiyo nilipata suruali mbili na blauzi za kutosha kwa kama elfu kumi na tano. Nguo za kila siku zikawa zimekwisha.

Gauni la Idd nililitaka jipya. Hapo nikaingia kwenye vitenge. Nilimwekea mezani vitatu nilivyovipenda, nikamwambia achague yeye. Akavikataa vyote, akachagua cha nne dukani, cha njano chenye ndege wakubwa, rangi ambayo mimi nisingeivaa. Nikanunua. Urefu na upana naamua mimi, rangi ni yake, tulikubaliana hivyo na sikuvunja ahadi. Dar hii na joto lake, hakikisha ni pamba. Vuta uzi mmoja uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji alinuna, lakini uzi ulitoa jivu.

Fundi nilimpa masharti hata akaweka futi yake chini anisikilize. Kiuno kiwe na lastiki nyuma. Kaptula ya kitambaa hicho hicho ishonewe ndani ya sketi. Mifuko miwili ya kutia hela za sikukuu. Pindo liwe la vidole vinne. "Dada, vidole vinne ni vingi," akasema. Nikamwambia mtoto anakua, ashone tu.

Gauni lilipokuja halikuwekwa kabatini. Nilimtoa mwanangu uani nikamfanyia mtihani. Chuchumaa. Kaa kwenye mkeka, kunja miguu. Inua mikono yote miwili. Kisha nikachukua mpira wa soksi, nikamwita dada yake asimame upande wa pili, tukacheza rede sisi watatu. Mara ya tatu alipoinama na kunyoosha mkono, kwapa likavuta na gauni zima likapanda. Nikalirudisha kwa fundi saa ile ile. Alilitazama, akacheka, akasema dawa yake anaijua kwenye kanzu: akaongeza kipande cha pembe nne kwapani, kikwapa kile kile cha kanzu za wazee. Tukarudi uani. Safari hii alikwepa mpira mpaka mimi nikachoka kurusha. Ufundi wote, pamoja na kile kikwapa, haukufika elfu ishirini.

Kuna jambo moja linaniudhi na nitalisema. Kwenye shughuli zetu utaona mama mtu mzima anamvuta mtoto wa mwenzake sketi mbele ya watu, "Hebu jifunike, huna haya?" Mtoto wa miaka tisa hana pochi. Hakwenda Kariakoo peke yake. Una neno, mwite mama yake pembeni. Mimi wangu sijawahi kumwambia kwamba mwili wake una kasoro au unawakosesha watu. Nikikataa nguo namwambia sababu anayoielewa: hii haitakuachia ucheze. Sasa ananiwahi yeye. Wifi alimletea sketi ya kubana kama zawadi, akaivaa, akachuchumaa mara moja sebuleni, akaivua. "Shangazi, ahsante, lakini haipiti rede." Wifi alinitazama mimi, lakini mimi sikuwa nimesema neno.

Siku ya Idd mwanangu alirudi nyumbani magharibi, vumbi mpaka kwenye nyusi, ndege wa kitenge hawaonekani, mfuko mmoja umejaa sarafu na mwingine karanga. Hela zake zote zilifika salama.

Juzi kwenye Maulidi nimempima tena pale mlangoni. Amefika 145. Nimefumua pindo kidole kimoja, nikalishona kwa mkono, nikapiga pasi. Ukitazama kwa makini utauona mstari, kwa sababu kitenge pale ndani bado kina njano yake ya dukani. Vidole vitatu vimebaki.