Siku moja studio Ngamiani: majina 31 na feni iliyozimwa

Mtaani wananiita fundi wa nyimbo. Mama yangu akiulizwa mwanao anafanya kazi gani, anajibu "yuko kwenye kompyuta," kwa sauti ya mtu anayesema "yuko hospitali." Natengeneza muziki kwa kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, katika chumba kimoja kilichopakana ukuta na duka la fundi cherehani, na asubuhi nafundisha vijana wanaoanza. Kila wiki kuna anayeniuliza anunue nini ili awe prodyuza. Siku yenyewe inakwendaje, hakuna anayeuliza. Basi hii hapa, Alhamisi iliyopita.

Saa 11 na nusu alfajiri. Nimetoka msikitini, chai bado iko jikoni, nasikiliza kazi ya jana usiku kwa spika ya simu, sauti chini kabisa. Ni saa pekee ambayo masikio yangu hayajadanganywa na kitu. Jana saa 5 usiku niliapa kwamba besi imekaa. Asubuhi hii besi hakuna. Niliiweka kwenye hezi 50 hivi, yaani mitetemo hamsini kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kutoa sauti ya chini namna hiyo, kwa hiyo anayesikiliza kwa simu (yaani karibu kila mtu) atasikia wimbo usio na miguu. Dawa yake ni kuikwaruza besi, yaani kuichafua kidogo kwa makusudi, ili izae sauti za juu yake, hezi 100, 150, 200 na kuendelea, ambazo zile za juu simu inazimudu. Sikio likizipata hizo, lenyewe linaijaza ile iliyokosekana. Naandika kwenye daftari: besi, ikwaruze. Mahamri mawili, baiskeli, Makorora hadi Ngamiani.

Saa 2 asubuhi, mwanafunzi. Wapo wawili ila mmoja ameaga, ana msiba Muheza. Aliyekuja ni binti mwenye laptopu ya kuazima, sampuli za ngoma gigabaiti 22 alizopakua, na vipande 37 vya muziki, kila kimoja sekunde nane. Wimbo uliokamilika hana hata mmoja. Anatumia FL Studio ya majaribio, programu ya kutengenezea muziki. Programu hiyo ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na ile ya majaribio ina sharti moja linalowakera wote: unaweza kutengeneza, unaweza kuutoa wimbo ukausikiliza popote, lakini ukishaifunga kazi huifungui tena kuiendeleza mpaka uinunue. Wengi hapo ndipo wanapokimbilia za wizi, wanarudi na virusi. Mimi nasema sharti hilo ni mwalimu kuliko mimi. Ukijua huwezi kurudi, utamaliza leo leo.

Alikuwa na shida nyingine, tamu zaidi. Kwa siku tatu alikuwa anajaribu kutengeneza chakacha, ngoma ya harusi za pwani, na ikawa inatoka kama mtu anayechechemea. Nikamwambia asiguse kompyuta, apige meza kwa kijiko namna bibi yake anavyopiga makofi harusini. Akapiga sawasawa kabisa. Kosa halikuwa la mkono, lilikuwa la gridi: programu inakuja na hatua 16, kila pigo limekatwa mara nne, na chakacha inakatwa kwa tatu. Tukaweka hatua 12. Ngoma ikanyooka palepale, binti akacheka peke yake kama dakika nzima. Hizi programu zilitengenezwa na watu wenye ngoma zao. Ukiwa na yako, shughuli ya kwanza ni kubadilisha gridi. Na hilo halihitaji kununua chochote.

Nikampa kazi: achague wimbo anaoupenda, ahesabu kila sehemu ina baa ngapi (baa ni fungu la mapigo), aandike kwenye karatasi, kisha ajaze karatasi ile ile na muziki wake. Ukiujua urefu wa nyumba utajua matofali mangapi.

Saa 4 na robo, hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kandambili. Alikuwa mama wa bibi harusi, ameongozana na mpwa wake wa kike atakayeimba na kijana wa kubeba mkoba. Harusi ni Jumamosi. Anataka wimbo wa kumwingizia mwanawe ukumbini, chakacha, "lakini yenye mzuka wa sasa," na ndani yake watajwe ndugu. Akafungua karatasi ya daftari. Majina 31.

Biti, yaani muziki usio na mwimbaji, alisema wanayo. Kijana akatoa simu: imepakuliwa YouTube, na kila baada ya sekunde kumi na tano kuna sauti nzito inataja jina la aliyeitengeneza. Nikamweleza mama kwamba biti hii ina mwenyewe, hajaiuza kwetu, na ile sauti yake imeshikana na muziki kama sukari kwenye chai, haitoki.

"Basi na yeye atajwe," akasema. "Si tuna 31? Awe wa 32."

Nikasema nitatengeneza mpya. Shilingi 60,000. Ndipo likaja neno ambalo kila mtu wa kazi hii analijua: "Elfu sitini ya kubonyeza tu?" Sikujibu. Zamani nilikuwa najibu. Tukaishia 50,000 na kianzio cha 20,000, na mwanafunzi wangu nikamwekea kiti pembeni: leo somo ni hili, usiseme kitu, tazama.

Kurekodi kunaanza kwa kuzima feni. Maiki inasikia feni, inasikia bangili, inasikia tumbo lenye njaa. Tanga mwezi wa tatu, mlango umefungwa, watu watano chumbani. Kijana akauliza mbona sina trei za mayai ukutani kama studio nyingine. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Zinapunguza kidogo tu mwangwi wa sauti za juu, za chini zinapita kama hazijaona kitu. Mimi nimesimamisha magodoro mawili ya sufi nyuma ya mwimbaji na kutundika mablanketi. Vyote vilikuwemo nyumbani. Cherehani ya jirani ndiyo isiyozuiwa na godoro, kwa hiyo tuna makubaliano: nikigonga ukuta mara mbili anasimamisha, nikigonga mara moja anaendelea. Wateja wake wananichukia.

Mpwa alikuwa na sauti nzuri ya kitaarabu, na Tanga hatushangai, mji uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Shida yake ni mazoea ya jukwaani, anaimeza maiki. Nikampima shubiri moja kati ya mdomo na maiki, katikati nikaweka soksi ya kike iliyovutwa juu ya waya wa hanga, ili kila "p" isilipuke. Sauti nikaipandisha mpaka vilele vyake vinagota kwenye desibeli kumi chini ya sifuri, si zaidi. Wanaoanza hupandisha mpaka taa iwe nyekundu wakidhani ndiyo nguvu. Kwenye kompyuta sifuri ni dari. Ukiligonga, sauti inakatwa kichwa, na kichwa hakirudi.

Kiitikio kikaingia kwa mara tatu. Yakaja majina.

Jina la saba lilikuwa la shangazi wa Pangani. La nane, mama mkubwa wa Mombasa. Mwimbaji alipomaliza mstari huo mama akainua mkono. Mama mkubwa hawezi kutajwa baada ya shangazi. Tukabadilisha. Mstari haukuenda, maana jina la mama mkubwa lina silabi tano na pale nafasi ni ya silabi tatu tu. Mpwa akalibana, likawa jina la mtu mwingine. Mama akampigia simu dada yake mmoja kuomba ushauri, spika wazi, na yule dada akauliza mbona yeye ni wa kumi na mbili. Hapo nilikuwa nimeshagonga ukuta mara mbili tangu dakika ishirini zilizopita. Jirani akagonga kwa upande wake kuuliza kama nimekufa. Nikagonga mara moja. Cherehani ikaanza. Dada kwenye simu akasikia, akauliza, "Mko studio au mko kwa fundi nguo?"

Ikafika saa 7 tuko jina la kumi na nne. Nikafungua mlango tupumue, tukala mihogo ya nazi, mama akanunua ya watu wote. Nasema hilo kwa sababu ni haki yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaozesha mtoto wake wa kwanza na anaogopa lawama za ukoo, na mimi kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuzigeuza zile lawama ziwe baa nne nne.

Saa 8 kasoro umeme ukakatika.

Mama akasema "Inna lillahi" na kuanza kukusanya vitu. Nikamwambia akae. Laptopu ina betri, dakika arobaini nikibahatika; kadi ya sauti, kile kifaa kinachoiunganisha maiki na laptopu, inakula umeme wa laptopu kupitia yuesibii, na volti 48 za kuiwasha maiki zinatoka humo humo. Spika ndizo zilizokufa, hedifoni zipo. Kijana akawasha tochi ya simu akamulika karatasi. Na ndipo tukasikia: hakuna kitu. Cherehani kimya, mchomeleaji wa kona kimya, mafriji ya duka la soda kimya. Sijawahi kupata ukimya kama ule saa 8 mchana Ngamiani. Mpwa aliimba majina kumi na saba kwa mkupuo mmoja, jasho linamtiririka shingoni, bila kukosea, na kwa shangazi wa mwisho akaivuta sauti mpaka mwanafunzi wangu akashika mdomo. Tulipofika thelathini na moja genereta la dukani likaanza kunguruma. Betri ilikuwa asilimia 9. Nikahifadhi mara mbili.

Ungedhani imekwisha. Umeme uliporudi mama akataka "ile ya kuvutavuta sauti." Anamaanisha Auto-Tune. Ilitoka Marekani mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, kabla ya hapo alikuwa anachambua mawimbi ya sauti chini ya ardhi kutafuta mafuta. Inaisukuma sauti kwenye noti iliyo karibu. Ukiikaza sana juu ya mtu anayeimba kitaarabu, yale madoido yake ya kuteleza kati ya noti na noti yanakuwa ngazi, kama mtu anashuka kilima kwa kurukaruka. Nikamchezea mama namna zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akachagua isiyo nayo. Kisha akasema niiweke hata hivyo, kidogo, kwa ajili ya vijana. Nikaiweka kidogo sana. Hataijua, wala vijana.

Halafu: "Ongeza sauti, mwanangu. Muziki umemfunika." Somo ambalo binti alikuwa amelisubiri tangu asubuhi, ingawa hakulijua. Sikuongeza sauti ya mwimbaji. Nilishusha kinanda, nikakata chini ya hezi 100 kwenye sauti yake, pale palipojaa vumbi tu, na kiki nikaipunguza (kiki ya ngoma, si ya mitandaoni). Mama akasema, "Eeh, sasa umeongeza." Nikasema ndiyo.

Waliondoka baada ya alasiri, sijui saa ngapi. Nikawasha feni, nikakaa mbele yake bila shati kama mtu aliyetolewa baharini.

Kilichobaki ni kuchanganya, na kuchanganya hakuna la kusimulia. Ni kusikiliza sekunde nne zile zile mara sitini. Magharibi ikaadhiniwa, nikasimama, nikaswali, nikarudi. Nikaikwaruza na ile besi ya jana. Nikatoka na flashi kwa jirani mwenye bajaji, maana yake ina spika moja tu kubwa nyuma. Kwenye spika moja ujinga wote wa kulia na kushoto unaumbuka: zumari nililolipanua pande mbili lilipotea lote. Nikarudi kulirudisha katikati. Dereva wa bajaji alinitoza kwa kumchelewesha abiria, akiwa anatania, ila alipokea.

Faili nikaliita kwa tarehe na namba. Kuna mwaka faili nililiita "mwisho_mwisho_kweli" na nikatuma lisilo sahihi. Nakala mbili, moja nabeba mfukoni. Kwa mama nikalituma WhatsApp kama dokumenti, ili sauti isikamuliwe njiani. Akajibu kwa sauti yake, dakika mbili, vigelegele vya wanawake wasiopungua kumi nyuma yake. Shilingi 30,000 zilizobaki, kesho inshaallah.

Nilikuwa nakokota baiskeli kupita Tangamano, sina nguvu ya kupanda, simu ikalia. Binti. "Mwalimu nimemaliza. Dakika 2 na sekunde 11. Ni mbaya lakini umeisha, na laptopu nimeshaifunga." Chini yake, wimbo.

Sikuufungua. Masikio yalikuwa yamefunga duka. Nikamwandikia: alfajiri, baada ya swala.