Gundi ya seremala, rangi ya ukutani na wadudu wa ziwani

Jamani rangi za akriliki za kichupa zinauma mfuko, na huu uchoraji wa kumwaga unakula rangi kuliko wa brashi, unamimina kikombe kizima juu ya ubao alafu nusu inamwagikia kwenye gazeti la chini. So wiki tatu hizi najaribu vitu vya mtaani hapa hapa Mwanza.

Nimeanza na gundi nyeupe ya mbao. Fundi wa Igogo kaniuliza "dada unaunda kabati?" nikamwambia naunda picha, akacheka akanipimia. Na inakubali kweli! Gundi vijiko viwili, rangi kimoja, maji unaweka kidogo kidogo mpaka ukiinua kijiti inachuruzika kama uji wa mgonjwa, ule mstari unabaki juu kidogo tu unazama. Siku moja nikaleta uvivu, gundi imeisha nikajazia maji, ilipokauka napitisha kidole unatoka unga mtupu. Akriliki inashikiliwa na plastiki iliyomo ndani yake, ukiizidishia maji inakosa cha kushikia.

Nyeupe natumia rangi ya maji ya ukutani, nzito hiyo, inazama alafu bluu inapanda na yale macho macho, viduara vya rangi, yanafunguka. Nikadondoshea matone mawili ya ile dawa ya kung'arishia dashibodi wanayouza wanapoosha magari, ina silikoni, weee, macho yakatoka kama ya sangara. Ila inaacha mafuta juu, vanishi haikushika kabisa, ikabidi niioshe picha kwa sabuni ya vyombo taratiiibu na kitambaa laini.

Ubao nao usiamini macho yako. Mimi niliuona umenyooka, asubuhi rangi yote imehamia kona moja kama imeitwa. Sikuhizi naazima pimamaji kwa fundi yuleyule, nauinulia na vifuniko vya soda chini mpaka kile kipovu kikae katikati.

Kukausha ndo kesi. Niliianika barazani mchana, upepo wa ziwa ukakausha ngozi ya juu wakati chini bado mbichi, ikapasuka kama tope la kiangazi. Ya pili nikaiacha usiku chini ya taa, kumbe ndo siku wale wadudu wadogo wa ziwani wametoka, wale wanaokuja kama moshi. Niliokota kwa kibanio cha nyusi mpaka nikachoka.

Sasa ipo uvunguni, taa imezimwa, siku tatu haiguswi. Leo ya pili na nshaichungulia mara nne.