Mahali Sauti Inapokoma

Nimerudi kutoka mazoezini Sinza saa tatu usiku, ncha za vidole vya mkono wa kushoto zikiwaka moto, na kabla ya kuoga nimeona niandike, kwa sababu baada ya wiki sita kile kipande cha besi kilichokuwa kikinishinda leo kimekubali. Ni kipande kifupi mno: ukihesabu moja hadi nne mara mbili, kimekwisha. Lakini katika miaka kumi na moja ya kupiga gitaa la besi kwenye bendi za kopi, sikumbuki kitu kilichonilaza macho kama hicho, wala sikumbuki kitu kilichonibadilishia namna ya kusikiliza kuliko hicho.

Kimo katika wimbo wa Paul Simon uitwao You Can Call Me Al, wa mwaka 1986, uliomo katika albamu ya Graceland. Wageni wa hoteli tunakopiga kila Ijumaa huuomba mara kwa mara, na mpiga kinanda wetu alikuwa ameshaandaa sehemu za tarumbeta kitambo, kwa hiyo aliyekuwa akiuchelewesha wimbo ni mimi peke yangu. Jina linaloandikwa kwenye jalada ni la mwimbaji wa Marekani, ila ukiufungua wimbo wenyewe unakutana na watu wa Afrika Kusini: Ray Phiri kwenye gitaa, Isaac Mtshali kwenye drams, Morris Goldberg kwenye filimbi, na Bakithi Kumalo wa Soweto kwenye besi. Kumalo alitumia besi isiyo na freti, yaani isiyo na vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa na kumwonyesha mpigaji mahali pa kukanyaga. Kwa sababu hiyo sauti yake huteleza kama ya mtu anayeimba. Wimbo unapoelekea ukingoni, wenzake wanampisha, na kwa muda wa zile hesabu mbili anaachia sauti nyingi za kasi zinazokwenda na kurudi, kisha wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Msikilizaji wa kawaida hutabasamu. Mpiga besi huacha alichokuwa akifanya.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa kusikiliza bila kugusa gitaa. Spika ya simu haifai kwa kazi hii hata kidogo. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetema mara 41 tu kwa sekunde, na spika ndogo kama ukucha haina uwezo wa kuusukuma hewani mtetemo wa chini kiasi hicho. Unachosikia ni vivuli vyake vya juu, na sikio linakisia kilichobaki. Nimewahi kujifunza nyimbo nzima kwa makisio ya namna hiyo, nikafika jukwaani na kugundua kwamba nilikuwa nimekosea oktava, yaani nilipiga noti ileile ila ya juu au ya chini kuliko inavyotakiwa. Siku hizi navaa hedifoni nzito zinazofunika masikio, nazima taa, na kuurudia wimbo hadi niweze kuiimba besi kwa mdomo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nisichoweza kukiimba, vidole navyo havikiwezi. Vikijaribu kukipiga, vinakuwa vinahesabu matundu badala ya kupiga muziki.

Kisha nikaupunguza mwendo. Mzee wetu wa solo, ambaye amekuwa akikopi nyimbo za Kikongo tangu enzi za kanda, huniambia kwamba vijana wa leo tumerahisishiwa mno, na kwa hili nakubaliana naye kabisa. Zamani ukiipunguza kasi santuri au kanda, sauti nayo ilishuka. Ukiupunguza mwendo kwa nusu, kila noti ilishuka oktava nzima, na besi, ambayo tayari ilikuwa chini, ilizama isisikike. Leo programu ya simuni inapunguza mwendo na kuiacha sauti palepale. Wimbo huu una karibu mapigo 128 kwa dakika. Nikaushusha hadi 60, na hapo ndipo nikaona kwamba nilichodhani ni vumbi la noti lilikuwa ni noti halisi, kila moja ikiwa na mahali pake.

Nusu ya kwanza ilinichukua siku tisa. Dole gumba linaupiga uzi, kidole cha shahada kinauvuta uzi mwingine kutoka chini, na mkono wa kushoto unaongeza sauti kwa kukanyaga na kuachia bila msaada wa mkono wa kulia. Haya yote nilikuwa nayajua. Kilichohitajika ni kuyaunganisha bila kuruka, na dawa ya hilo ni metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, na subira: mapigo 60 hadi kipande kipite mara kumi mfululizo bila kosa, halafu 64, halafu 68, na kikikwaa unarudi nyuma ngazi mbili. Nilifanya hivyo alfajiri kabla ya kwenda kazini, gitaa likiwa halijachomekwa kwenye amplifaya ili nisiamshe nyumba. Siku ya tisa nikafika 128.

Nusu ya pili ndiyo iliyonitesa.

Kwa kuusikiliza mpangilio wa sauti niligundua mapema kwamba kipande kinarudi njia ileile kilikopitia: noti ya mwisho ya nusu ya kwanza ndiyo ya kwanza ya nusu ya pili, na hivyo hivyo kinyumenyume hadi pale kilipoanzia. Kwa hiyo noti nilikuwa nazijua zote. Nilizipiga kwa mpangilio sahihi, kwa mwendo sahihi, na bado haikuwa ile. Nilibadilisha kidole, nikabadilisha uzi, nikasogeza mkono wa kulia karibu na shingo na kuurudisha karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa. Kila nilipojirekodi na kulinganisha, yangu ilisikika kama mtu anayegonga mlango, na ile ya Kumalo ilisikika kama mlango unaofunguka wenyewe. Wiki mbili nilidhani kwamba tatizo ni freti zangu, na nikaanza kuulizia bei ya besi isiyo na freti, jambo ambalo mkoba wangu haukuliruhusu.

Jibu lilikuja usiku mmoja nilipoacha kusikiliza mwanzo wa noti na kuanza kusikiliza mwisho wake. Uzi ukipigwa, sauti hutoka na kishindo, kisha hufifia polepole hadi kuisha; hivyo ndivyo uzi ulivyoumbwa, na hakuna mpigaji anayeweza kuuamuru vinginevyo. Katika nusu ile ya pili noti hazifanyi hivyo. Zinaanza kwa unyenyekevu, zinavimba, kisha zinakatika ghafla pale zilipo na nguvu zaidi. Nilipolisikia hilo sikuweza tena kutolisikia. Nilichukua simu, nikarekodi nusu ya kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiweka kwenye programu ya kuhariri sauti, nikaigeuza icheze kutoka mwisho kuja mwanzo. Nikavaa hedifoni. Sauti iliyotoka ilikuwa ile niliyoitafuta kwa wiki nzima mbili.

Kumbe haikuwa siri. Nilipolifuatilia jambo hili nilikuta limeelezwa mara nyingi: Kumalo alipiga nusu moja, na studioni nusu hiyo ikageuzwa kinyumenyume na kuungwa kuwa nusu ya pili. Nilikuwa nikijaribu kuiga kwa vidole kitu ambacho hakikupigwa na kidole. Sikusikitika. Niliona kwamba kama ningepewa maelezo hayo siku ya kwanza, ningeyapokea kama habari ya kuvutia na kuyasahau, lakini kwa kuwa niliyafikia kwa sikio langu, yamenikaa mwilini.

Swali likabaki la jukwaani, maana Ijumaa hakuna mtu atakayenigeuzia wakati. Kumalo mwenyewe aliendelea kukipiga mbele za watu kwa miaka mingi ndani ya bendi ya Paul Simon, kwa hiyo kinapigika. Inambidi kila mpigaji aamue tu kwamba anachokileta jukwaani ni kitu gani. Nilimpelekea Mzee wetu wa solo rekodi mbili, yangu na ile iliyogeuzwa, akazisikiliza kimya akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Mwanangu, kuwasha unajua vizuri. Kuzima ndiko hujajifunza."

Alikuwa sahihi, na neno lake lilinirudisha kwenye wimbo niliokuwa nikijivunia kuujua tangu ujana: Sina Makosa wa Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika ya wale ndugu wa Tanga, na mpiga besi wake alikuwa Tom Malanga. Nimeupiga wimbo huo kwenye harusi zisizohesabika. Noti zake si ngumu hata kwa mwanafunzi wa mwezi wa tatu, na ndiyo maana sikuwahi kujiuliza kwa nini watu hucheza nikiupiga, ila hawachezi vile wanavyocheza Malanga anapotoka kwenye spika. Wiki iliyopita niliusikiliza upya kwa sikio hili jipya. Malanga anasema maneno machache, kisha ananyamaza, na kunyamaza kwake kuna kipimo. Kila noti inazimwa mahali fulani hasa, na katika lile tundu linalobaki ndipo gitaa la ridhim linapong'aa na ndipo mguu wa mchezaji unapotua. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiziacha noti zangu zilie hadi zichoke zenyewe, nikiyaziba matundu yale kwa mngurumo. Nilikuwa nazipiga noti zote za wimbo ule na kuvifuta vituo vyake vyote.

Naona uchungu kidogo nikifikiria harusi hizo zote.

Baada ya hapo nilianza kuliona jambo hilihili kila mahali. James Jamerson, yule aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na kwenye gitaa lake la Fender Precision kulikuwa na kipande cha sponji kilichogusa nyuzi karibu na daraja. Nilipojifunza nyimbo zake zamani nilihangaikia mikimbio yake, maana ni mingi na inashangaza, na sikuitilia maanani sponji. Lakini sponji ile ndiyo iliyozima kila noti kabla haijaikanyaga inayofuata, na bila hiyo mikimbio ile ingekuwa tope. Juzi nimekata kipande cha godoro la zamani, nikakiingiza chini ya nyuzi zangu, na kwa nyimbo za namna hiyo sitakitoa tena.

Basi kwa wiki tatu zilizopita zoezi langu limekuwa moja, na halina uzuri wowote kwa anayesikiliza kutoka chumba cha pili. Napiga noti moja na kuizima kwenye pigo la pili. Naipiga tena na kuizima katikati ya pigo la pili na la tatu. Mkono wa kushoto ndio wenye kazi kubwa: kidole hakiondoki kwenye uzi, kinalegea tu kiasi cha kuacha kuubana, kwa sababu kikiondoka kabisa uzi unalia bila kukanyagwa na kutoa sauti usiyoitaka. Mkono wa kulia unasaidia kwa dole gumba lililolazwa juu ya nyuzi za chini. Kwa nusu ya pili ya kipande cha Kumalo nimeacha kutumia dole gumba kupiga. Napiga kwa nyama laini ya vidole viwili, nikianza kila noti kwa upole kadiri mwendo unavyoruhusu, halafu naikata kwa ukali. Siwezi kuifanya noti ivimbe kama mkanda uliogeuzwa, lakini naweza kuifanya ikatike pale ilipokatika ile, na sikio la msikilizaji linajaza kilichobaki.

Leo mazoezini tuliufikia wimbo saa moja na nusu. Wenzangu walinyamaza mahali pa kunyamaza, nikaenda, nikarudi, na mpiga drams akaingia pale hasa nilipomwachia. Hakuna aliyesema neno hadi wimbo ulipokwisha. Ndipo mpiga drams, ambaye si mtu wa kusifu, aliponiuliza nimebadilisha amplifaya lini. Nikamwambia ni ileile. Mzee wetu wa solo alikuwa akifuta nyuzi zake kwa kitambaa, hakuinua kichwa, ila niliona bega likitikisika kama la mtu anayecheka kwa furaha. Kisha akasema turudie Sina Makosa, safari hii polepole, na yeye asipige chochote kwenye beti ya kwanza ili anisikie vizuri.

Tuliurudia mara nne. Mara ya nne aliingia na gitaa lake kabla ya beti kwisha, bila kuniambia.

Daftari langu la nyimbo liko hapa mezani. Kwa miaka yote nimekuwa nikiandika ndani yake majina ya noti na namba za freti, mstari baada ya mstari. Usiku huu nimeanza ukurasa mpya kwa ajili ya wimbo wa Ijumaa ijayo, na kabla ya kuandika noti hata moja nimeusikiliza hadi mwisho nikiwa na penseli, nikichora msalaba mdogo kila mahali besi inaponyamaza. Beti ya kwanza peke yake ina misalaba kumi na mitatu.