Bibi aliyesema hajaugua

Jana binti yangu aliuliza bila kuinua macho kwenye daftari: "Mama, kati ya maskini na matajiri, nani huugua zaidi?" Nikajibu, maskini. "Umejuaje?"

Nikamkumbuka yule bibi. Tulikuwa tukipita kaya kwa kaya, tukiorodhesha mali ili baadaye tuzipange kutoka fukara hadi tajiri, na kila mtu mzima tukimwuliza: katika wiki nne zilizopita, umeugua? Bibi alikuwa ameketi mlangoni, anakohoa. Kikohozi kilimkata kauli, akainua kiganja nimngoje, kikapita, akavuta pumzi. "Hapana mwanangu, sijaugua." Na hicho kikohozi, bibi? "Hiki ninacho siku zote. Mgonjwa ni yule asiyeweza kuamka. Mimi naamka, nateka maji." Kalamu yangu ilisimama juu ya visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Mwongozo ulitutaka tuandike jibu la mhojiwa kama lilivyo. Nikatia alama kwenye Hapana, kisha nikamsihi aende zahanati.

Miezi ikapita, tukakokotoa fahirisi ya mkusanyiko, namba inayoonyesha kama maradhi yamejikusanya kwa maskini au kwa matajiri, ile iliyotetewa na wachumi wa afya Wagstaff, Paci na van Doorslaer mwaka 1991, yenye asili katika mchoro wa Lorenz wa 1905 wa mgawanyo wa mali. Huanzia -1 hadi 1. Ikishuka chini ya sifuri, maradhi yamewaelemea maskini. Yetu ilipanda juu ya sifuri, kana kwamba matajiri ndio wagonjwa. Ila vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, katika kaya zilezile, vilikuwa vimerundikana kwa maskini. Hesabu ilikuwa sahihi. Tajiri alishaonana na daktari, akaambiwa ana shinikizo la damu, akalitaja. Bibi hakuwa na cha kutaja.

Mchumi Amartya Sen aliliandika jambo hili mwaka 2002, akilinganisha majimbo mawili ya India: watu wa Kerala huishi muda mrefu kuliko wa Bihar, lakini wa Kerala ndio wanaosema wanaugua zaidi.

Wenzangu kadhaa wanataka swali lile lifutwe, tubaki na vinavyopimika: urefu wa mtoto, shinikizo la damu, vifo. Nawaelewa, na ninapolinganisha matabaka naviamini vipimo hivyo zaidi. Lakini siwezi kukubali kumnyima mtu nafasi ya kuusemea mwili wake. Sasa napigania swali libaki, na chini yake liongezwe lingine: je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi?