Siku Moja Maishani Mwangu: Sanduku la Barua Lisilo na Mwenyewe

Saa 11:30 alfajiri. Ninaishi Kigamboni, na kabla sijatoka kwenda kupanga foleni ya pantoni hufungua simu nisome taarifa ya nakala rudufu za usiku, yaani nakala za akiba za barua pepe zetu. Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha huko Kurasini, mahali ambapo barua pepe moja yenye hati za mzigo ikipotea, kontena hubaki bandarini na gharama za kulihifadhi huongezeka kila siku. Taarifa ya leo ilikuwa ya kijani kutoka juu hadi chini, yaani bila hitilafu. Nilishukuru, nikavuka.

Saa 2 asubuhi. Nilikuta mezani profoma ya muuzaji wa programu ya nakala rudufu, kwa kuwa mkataba wetu unaisha mwezi huu. Alikuwa amehesabu leseni 61, ilhali sisi ni watumishi 38. Nilipoipitia mstari kwa mstari nilibaini kwamba amejumlisha masanduku yetu 14 ya barua pepe ya pamoja, yaani yale ya anwani za idara kama nyaraka, hesabu na madai, ambayo hayana mwenyewe bali watu watano au sita huyafungua, kila mmoja kwa akaunti yake. Matatu mengine ni ya vyumba vya mikutano, yanayopokea maombi ya kuvitumia. Na sita ya watumishi walioacha kazi, ambayo tuliyageuza kuwa ya pamoja ili barua zao zibaki.

Saa 3. Nilimpigia muuzaji, tukazungumza kwa utulivu. Wauzaji wa huduma hizi hawahesabu kwa namna moja. Wapo wanaotoza kwa kila mtumiaji, wapo wanaotoza kwa kila sanduku, na wapo wanaotoza kwa ukubwa wa data. Microsoft yenyewe, ambako barua pepe zetu zinakaa, katika huduma yake ya nakala rudufu iliyofunguliwa kwa wateja wote mwaka 2024, hutoza senti 15 za dola ya Marekani kwa kila gigabaiti kwa mwezi, bila kujali sanduku ni la nani. Programu tuliyonayo ni ya kundi la kwanza. Masharti yake yanasema kwamba sanduku la pamoja au la chumba lisilo na leseni ya Microsoft halihesabiwi, na nakala zake huchukuliwa bila malipo ya ziada. Aliniomba nimtumie orodha iliyosafishwa.

Saa 4 hadi saa 6. Kazi hii iliniweka kitini muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu neno zito katika sharti lile ni “lisilo na leseni”. Microsoft hairuhusu sanduku la pamoja lisilo na leseni kuzidi gigabaiti 50. Likifika hapo, huacha kwanza kutuma barua, na baadaye huacha hata kupokea. Sanduku letu la nyaraka, lililojaa hati zilizoskaniwa, lina gigabaiti 52, na tangu mwaka jana tumelipa leseni ya Exchange Online Plan 2 (Exchange ni mfumo wa barua pepe wa Microsoft) inayoliruhusu kufika 100. Kwa hiyo programu ya nakala rudufu huliona kama mtumiaji, nalo linalipiwa kihalali. Lakini nilikuta pia masanduku mawili ya walioondoka ambayo yaligeuzwa kuwa ya pamoja na leseni za Microsoft zikasahaulika juu yake. Yote mawili yalikuwa chini ya gigabaiti 20 na hayakuwa na zuio lolote la kisheria la kutofuta barua wala hifadhi ya ziada inayohitaji leseni, hivyo niliziondoa leseni hizo. Akaunti zenyewe sikuzifuta, nami nawasihi wenzangu wasizifute, kwa maana sanduku lililogeuzwa huendelea kuitegemea akaunti ileile. Akaunti ikifutwa, baada ya siku 30 barua nazo huondoka.

Saa 7 mchana. Nilipeleka hesabu kwa meneja wa fedha: watumishi 38 na sanduku moja kubwa, jumla leseni 39.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba mwanangu. Na hao walioondoka, kwa nini tusiwafute kabisa?”

Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka 5, na ankara nyingi za wateja zimo ndani ya masanduku yale. Aliandika 39 pembeni mwa profoma, akatia saini.

Saa 9 alasiri. Karani wa madai alikuja akitembea haraka. “Kaka, folda ya mteja haipo.” Mwenzake alikuwa ameifuta na kumwaga kapu la taka siku 11 zilizopita. Nilifungua programu ya nakala rudufu nikatafuta sanduku la madai, na halikuwemo. Lilianzishwa miezi miwili iliyopita. Orodha yetu huchukua watumishi wenyewe kutoka kundi lao, lakini masanduku ya pamoja huongezwa kwa mkono, na mimi sikuliongeza. Taarifa ya alfajiri ilikuwa ya kijani kwa sababu hutaja tu masanduku yaliyomo kwenye orodha. Mikono ilinitetemeka nilipofungua sehemu ya barua zinazoweza kurejeshwa ndani ya Exchange, ambako kilichofutwa hukaa siku 14 kabla ya kutoweka. Barua zote zilikuwepo. Zilibaki siku tatu tu.

Saa 10. Muda huo wa siku 14 unaweza kuongezwa hadi 30, nami niliuongeza kwa masanduku yote. Kisha nililinganisha orodha ya Microsoft na ya programu ya nakala rudufu, jina kwa jina, kwa rula juu ya karatasi. Lilikuwepo jingine lililoachwa, la chumba kimoja cha mikutano. Niliyaingiza yote mawili, na leseni haikuongezeka hata moja.

Saa 12 jioni nilikuwa ndani ya pantoni. Saa 4 usiku nilifungua tena simu, safari hii si kutazama rangi bali kutafuta jina. Sanduku la madai lilikuwepo, mstari wa 9: barua 4,318, hitilafu 0.