Kroton ya California, mmea wa kiangazi

Wengi wetu wa Afrika Mashariki tukisikia jina la kroton hufikiria ama kichaka cha bustani chenye majani ya rangi nyingi, ambacho kwa hakika kimo katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) nyingine iitwayo Codiaeum, ama mti mrefu ambao Wakikuyu huuita mukinduri, yaani Croton megalocarpus, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mmea ninaoueleza hapa ni ndugu wa kweli wa mukinduri, ingawa kwa kawaida kimo chake ni kama sentimita 20 tu na uhai wake wote humalizika ndani ya mwaka mmoja. Jina lake la kisayansi ni Croton setiger, na kwao ni magharibi mwa Amerika Kaskazini, kuanzia jimbo la Washington hadi Baja California nchini Meksiko.

Huko California mvua hunyesha majira ya baridi, kisha kuanzia Mei hadi Oktoba Bonde la Kati hukaa karibu bila tone, huku joto likipanda mara kwa mara kupita nyuzi 35. Nyasi zote za msimu huwa zimekwisha kukauka. Kroton hii, iliyoota majira ya kuchipua, ndipo inapotanda juu ya ardhi tupu na kuanza kuchanua. Utaikuta kandokando ya barabara, katika mashamba ya nafaka yaliyokwisha kuvunwa, katika malisho yaliyoliwa kupita kiasi na mahali popote pa wazi ambapo udongo umevurugwa. Mzizi wake mkuu hushuka kufuata unyevu uliobaki chini, na mashina yake hutawanyika pande zote hadi mmea mmoja kufunika eneo la duara kama mkeka wa kijivu.

Ukijani huo wenye kijivu hutokana na nywele, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika mmea huu. Chini ya lenzi ya mkononi huonekana kwamba nyingi zina umbo la nyota na zimesongamana juu ya jani, na katikati yake huchomoza nywele nyingine ndefu na ngumu zinazomchoma anayeushika mmea ovyo. Tabaka hilo huakisi mwanga wa jua na kupunguza upotevu wa maji. Jani lenyewe ni nene kidogo, lina mishipa mikuu mitatu inayoanzia kwenye kikonyo, na likisuguliwa hutoa harufu kali.

Maua yake hayavutii macho, lakini yamewahangaisha wanabotania. Yale ya kiume hukusanyika kwenye ncha za matawi. Ya kike hukaa chini yake, hayana petali wala sepali (vijani vinavyolizunguka ua), na kila moja lina ovari, yaani kifuko cha mbegu, yenye chumba kimoja na hutoa mbegu moja tu, ilhali kroton nyingi huwa na vyumba vitatu. Mwanabotania Hooker aliueleza mmea huu mwaka 1838 kama kroton. Mwenzake Bentham akautenga mwaka 1844 katika jenasi yake pekee, Eremocarpus, na ni tafiti za DNA zilizourudisha miongoni mwa ndugu zake.

Kama ilivyo kwa jamaa zake wengi wa familia ya Euphorbiaceae, mmea huu una sumu. Wenyeji wa asili wa California waliuponda na kuutia katika vidimbwi ili samaki walevyeke na kukamatwa kwa urahisi, na mifugo huuepuka ikiwa ina kitu kingine cha kula.

Mbegu, hata hivyo, ni chakula kinachopendwa na kware, bata mzinga wa porini na hasa tetere wa huko, Zenaida macroura, kiasi kwamba wawindaji, ambao msimu wao wa tetere hufunguliwa tarehe 1 Septemba, huyatafuta kwanza mashamba yenye kroton hii. Lakini mmea unapokaribia kufa hutoa mbegu za kijivu kitupu, tofauti na zile za awali zenye madoadoa, na hizo tetere huziacha. Kwa hiyo hata shamba lililovamiwa na ndege hubakiwa na mbegu za kuota mwaka unaofuata.