Klipu ya Dave Ramsey na bima yako ya maisha: kilichokatwa njiani kabla ya kufika Dodoma

Ushauri wa Dave Ramsey, mshauri wa fedha wa Marekani, kuhusu bima ya maisha ni kigoda cha miguu mitatu. Kata bima ya muda, yaani inayolipa tu ukifa ndani ya muda uliopangwa, ya miaka 15 hadi 20, ambayo ada yake haipandi. Kiasi cha bima, yaani pesa ambayo familia italipwa ukifa, kiwe mara 10 hadi 12 ya kipato chako cha mwaka. Achana na bima ya maisha yenye akiba ndani yake, na pesa unayookoa kwa kulipa ada ndogo iwekeze mwenyewe, kila mwezi bila kuruka. Amekuwa akiyasema haya redioni huko Marekani kwa miaka mingi. Suze Orman naye, mshauri mwingine wa fedha aliyejulikana zaidi kwenye televisheni, amekuwa upande huo huo wa kuipinga bima yenye akiba.

Ushauri huo ukifika kwenye simu ya mtu wa Nkuhungu au Ipagala, kigoda kimebaki na mguu mmoja. Klipu ni fupi, na anayeitafsiri anachukua kipande chenye pilipili: bima yenye akiba ni hasara, itoke. Msikilizaji anakatisha bima ya elimu ya mtoto, ambayo ni bima yenye akiba, aliyoilipia miaka minne. Bima ya muda hakati, maana klipu haikufika huko. Elfu hamsini aliyokuwa akilipa kila mwezi inaishia kwenye bando, mafuta ya pikipiki na michango ya harusi. Mwaka ukiisha hana bima wala hana uwekezaji, na anaamini amefuata ushauri wa mtaalamu.

Tuseme kwanza pale Ramsey alipo sahihi, maana watu wa bima wanaomkataa moja kwa moja hawatendi haki. Katika bima yenye akiba, ada za mwanzo hubeba kamisheni ya wakala na gharama za kuandikisha mkataba. Ndiyo maana mikataba mingi ya aina hii haina thamani yoyote ya kukatisha katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ukitoka mapema, unatoka mikono mitupu. Na kinga yenyewe huwa ndogo. Chukua mkataba wa 50,000 kwa mwezi kwa miaka 10. Hadi mwisho utakuwa umelipa 6,000,000, na kama kiasi cha bima nacho ni 6,000,000, basi ukifariki mwaka wa pili familia inapata hiyo milioni sita. Milioni sita haisomeshi watoto watatu. Mtu mwenye watoto wadogo na mshahara mmoja anahitaji kinga kubwa kwa ada ndogo, na hiyo ndiyo kazi ya bima ya muda. Wakala anayekuficha hilo anatazama kamisheni yake.

Pale wataalamu wanapotofautiana naye ni kwenye hoja mbili, na zote ni za hesabu.

Ya kwanza ni ile ya kwamba ukifa, kampuni inakula akiba yako na kuwapa warithi kiasi cha bima tu. Sivyo mkataba unavyopangwa. Tuseme kiasi cha bima ni milioni 20 na akiba imefika milioni 8. Kampuni imebeba hatari ya milioni 12 tu, kwa sababu milioni 8 nyingine tayari zimetengwa, na gharama ya kinga inapigwa kwenye hizo 12. Kadiri akiba inavyopanda, ndivyo hatari inayobebwa inavyopungua. Unaweza kusema ada ni kubwa mno kwa kinga hiyo, na mara nyingi utakuwa umesema kweli. Ila hakuna aliyeibiwa milioni 8.

Ya pili ni ile asilimia 12 kwa mwaka ambayo Ramsey huitaja kama faida ya uwekezaji. Hiyo ni wastani wa kujumlisha na kugawanya, na wastani wa namna hiyo hudanganya. Weka milioni 10. Mwaka wa kwanza zipande kwa asilimia 50, unazo 15. Mwaka wa pili zishuke kwa asilimia 50, unazo 7.5. Wastani wa miaka miwili ni sifuri, lakini umepoteza milioni mbili na nusu. Ile kanuni ya mara 10 hadi 12 nayo inasimama juu ya wazo kwamba mjane atawekeza pesa yote, atavuna kama asilimia 10 kila mwaka kufidia mshahara uliopotea, na mtaji utabaki palepale. Mwaka ambao soko limeshuka, ada ya shule haishuki nalo. Anachota kwenye mtaji uliopungua, na soko likipanda tena, kinachopanda ni kile kidogo kilichobaki.

Halafu kuna suala la soko analolizungumzia. Marekani mtu anaingiza umri wake kwenye intaneti, na ndani ya dakika chache anaona bei za kampuni nyingi za bima ya miaka 20 yenye ada isiyobadilika. Hapa kwetu bima ya maisha ya mtu mmoja mmoja bado ni soko dogo. Sehemu kubwa ni bima ya kikundi inayokatwa na waajiri, na bima ya mkopo inayokatwa benki. Bima ya muda ipo, ila usipoitaja kwa jina utaonyeshwa bima ya elimu au ya akiba. Ukiipata, uliza mambo mawili kabla ya bei. Je, ada inabaki ileile miaka yote, au kampuni inaweza kuipandisha kila mkataba unapohuishwa? Na je, nikipata sukari au presha katikati, mnaweza kukataa kuendelea nami? Kama ada inapanda na wanaweza kukataa, hiyo ni bima ya mwaka mmoja mmoja, na siyo ile ambayo Ramsey anaisifia.

Sasa kiasi. Badala ya kuzidisha mshahara kwa 10, fanya hesabu ya pengo. Chukua mtumishi wa Mji wa Serikali, Mtumba, mwenye mshahara wa 900,000 kwa mwezi, sawa na 10,800,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya Ramsey angehitaji kati ya milioni 108 na milioni 129.6. Tuiangalie nyumba yenyewe. Familia inatumia 500,000 kwa mwezi, mke anaingiza 200,000 kwenye biashara yake sokoni Majengo, pengo ni 300,000. Mtoto wa mwisho ana miaka 4, na tunataka afike 22, yaani miaka 18. Laki tatu mara 12 mara 18 ni 64,800,000. Ongeza 15,000,000 za kumalizia nyumba ya Nzuguni na 4,000,000 za msiba na miezi ya mwanzo. Jumla 83,800,000. Toa akiba ya 6,000,000 iliyoko kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji wa UTT AMIS, zinabaki 77,800,000. Tumechukulia kwamba faida ya kuwekeza pesa hiyo itafukuzana na kupanda kwa bei, basi. Rudia hesabu kila baada ya miaka mitatu.

Kutoka hapo toa mafao ya warithi. Mtumishi wa umma yuko kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, wa sekta binafsi kwa kawaida yuko NSSF, na mifuko yote miwili ina mafao kwa wategemezi wa mwanachama aliyefariki. Hii ndiyo sehemu ambayo mshauri wa Marekani hawezi kukufanyia. Nenda kwenye ofisi ya mfuko wako, uliza kwa michango yako ya leo wategemezi wako wangepata nini na kwa muda gani, kisha uandike namba waliyokupa. Namba ya kukisia inaharibu hesabu yote. Kama mwajiri ana bima ya kikundi, itoe pia, lakini kwa tahadhari, kwani siku ukiacha kazi hiyo bima inabaki mezani kwa mwajiri.

Bima ya mkopo usiihesabu kama bima ya familia. Inalipa salio la mkopo, inalipa benki, na inapungua kadiri unavyorejesha. Ni kitu kizuri, maana mjane hadaiwi, lakini haimnunulii unga.

Kiwango cha ada hutajwa kwa kila elfu moja ya kiasi cha bima. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme umepewa shilingi 5 kwa kila elfu kwa mwaka, na unataka kinga ya 78,000,000. Hiyo ni 390,000 kwa mwaka, au 32,500 kwa mwezi. Kwenye ile elfu hamsini zinabaki 17,500. Hiyo ndiyo pesa uliyookoa, ya kuwekeza, na hapo ndipo mguu wa tatu wa kigoda unapovunjika. Kwa kuwa ni ndogo, haionekani, na kisichoonekana hakiwekezwi. Dawa yake ni agizo la kudumu benki, pesa iondoke siku ileile mshahara unapoingia, iende kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji. Ikifika milioni moja unaweza kufikiria hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, ambazo zipo za miaka 2 hadi 25. Mtu anayejijua kwamba hawezi kuvumilia kuiona pesa bila kuigusa, bima ya akiba inaweza kumfaa kama kitu cha pili, baada ya bima ya muda. Tunalisema hili bila aibu. Nidhamu ya kulazimishwa ina gharama yake, ila watu wengine wanaihitaji.

Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Makutupora, na wa alizeti kule Singida, wana shida nyingine ambayo klipu haiigusi kabisa. Ada ya kila mwezi inamfaa mwenye mshahara. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, alizeti na mahindi mara moja. Mkulima akiandikishwa ada ya mwezi, analipa vizuri miezi miwili baada ya kuuza, anakwama, siku za nyongeza, ambazo kwa kawaida ni 30, zinapita, na bima inakufa. Kuifufua kunataka malimbikizo yote pamoja na fomu mpya ya afya. Omba ada ya mwaka au ya nusu mwaka, na tarehe iangukie wiki chache baada ya mauzo. Mikataba mingi inaruhusu, ila wakala asipoulizwa ataandika mwezi.

Fomu ya maombi ndiyo sehemu inayotuuma zaidi, kwa sababu hapo ndipo madai mengi yanapofia. Wakala anakuja ofisini saa ya chai. Maswali ya afya yapo kumi na kitu, kila moja lina visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Safu ya Hapana inapigwa vema kutoka juu hadi chini kwa kalamu ileile, mteja anasaini huku ameshika kikombe. Ana presha, anameza dawa kila asubuhi. Akifariki mwaka unaofuata, kampuni inaomba taarifa za hospitali, inakuta kliniki ya presha ilianza kabla ya saini. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli kamili wa muombaji, na dai linakataliwa. Jaza mwenyewe. Andika jina la dawa na mwaka ulioanza. Huenda ada ikapanda au ugonjwa huo ukaondolewa kwenye kinga, lakini utakuwa unajua ulichonunua.

Pesa usimpe wakala mkononi. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni na utunze ujumbe. Kabla ya hapo thibitisha leseni ya kampuni na ya wakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Dodoma. Mgogoro ukishindikana kampuni, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kama tayari una bima ya akiba na klipu imekuchoma, usianze kwa kuikatisha. Omba kampuni ikuandikie vitu viwili: leo ukikatisha unapata kiasi gani, na leo ukiacha kulipa bila kukatisha, bima inabaki na kiasi gani hadi tarehe ya kuiva, yaani siku mkataba unapomalizika. Hilo la pili mawakala wengi hawalitaji, na baada ya miaka minne au mitano mara nyingi lina nafuu kuliko kukatisha. Bima mpya ya muda itangulie: maombi yakubaliwe, mkataba uwe mkononi, ada ya kwanza iwe imepokelewa. Soma pia kipindi cha kusubiri, maana baadhi ya mikataba hailipi kifo cha ugonjwa katika miezi ya mwanzo, ingawa ajali inalipwa tangu siku ya kwanza. Wiki mbili bila kinga yoyote zinatosha kuleta balaa.

Mwisho, jina la mnufaika. Liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana "Mama Neema" haijulikani na kampuni, na jina likitofautiana na cheti, familia inaanza safari ya viapo wakati daftari la rambirambi halijafungwa. Ukimwandika mtoto wa miaka 6, andika pia mtu mzima atakayempokelea, maana mtoto huyo hawezi kusaini fomu ya madai. Ukioa, ukiachana au ukifiwa, badilisha jina wiki hiyohiyo, na nakala ya mkataba ikae mahali ambapo mtu mwingine mmoja nyumbani anapajua.